Mwalimu, hiyo subira inafanywaje?

Mwezi huu nimechagua barua tatu, zote za watu wanaolea watoto wa michezo hapa kwetu mkoani Tanga. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko kawaida ya ukurasa huu, maana aliyeiandika ameuliza jambo ambalo akina baba na akina mama wengi wanalo moyoni na hawalisemi.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Makorora. Ni fundi seremala, na jioni nafundisha timu ya mtaa ya watoto wa chini ya miaka 13. Hakuna anayenilipa, naipenda tu. Mwanangu wa pili ana miaka 11, anacheza winga ya kulia katika timu hiyohiyo. Tatizo ni mimi. Watoto wa wenzangu nawavumilia, lakini huyu wangu akikosea kidogo tu napandwa na hasira. Namwita jina kwa sauti mpaka wapita njia wanageuka. Tukimaliza nampakia kwenye keria ya baiskeli, na kutoka uwanjani hadi mlangoni namweleza makosa yake. Siku hizi kila Jumamosi asubuhi anasema tumbo linamuuma. Juzi katikati ya mechi alivua viatu, akaenda kukaa chini ya mwembe, akasema hachezi tena. Mama yake anasema nimwache. Wazee msikitini wananiambia subira, baba, subira. Sawa, lakini hakuna anayeniambia hiyo subira inafanywaje. Naomba msaada wako.*
*Baba wa Winga, Makorora*

Marahaba, baba. Ahsante kwa kuandika wazi namna hii.

Nianze na tumbo. Linauma kweli. Mtoto akiingiwa na hofu mwili wake unajiandaa kukimbia. Damu inaelekea kwenye misuli, tumbo linabana, wengine wanaharisha kabisa. Watu wazima nao yanawapata siku ya usaili wa kazi. Kwa hiyo usimwambie anajifanya. Kama maumivu yanakuja na siku nyingine pia, au yana homa na kutapika, mpeleke hospitali. Kama yanakuja Jumamosi asubuhi tu na yanaisha mchana mechi ikishapita, basi dawa yake iko kwako.

Sasa nakuomba kitu. Jumamosi ijayo usifundishe. Mwachie mwenzako filimbi, wewe kasimame nyuma ya goli, mahali mwanao asipokutarajia, na usiufuate mpira. Fuata macho ya watoto. Mimi nimefundisha michezo shule za msingi za hapa mjini maisha yangu yote ya kazi, netiboli na riadha hasa, na mpira wa miguu pale mwalimu wa kiume alipokosekana. Nilichokiona mara nyingi kuliko vyote ni hiki: pasi inamjia mtoto, pasi nzuri tu, inatambaa chini. Kabla haijamfikia, kidevu chake kinageuka kidogo kuelekea nje. Anaangalia mstari. Anamtafuta baba, au mama, au kocha, popote sauti ilipo. Ni kitambo cha kupepesa jicho, kisha macho yanarudi kwenye mpira, lakini mpira umeshafika, umemgonga ugokoni, umetoka. Baba anapayuka: "Umelala?" Pasi inayofuata, mtoto anageuza kichwa mapema zaidi.

Ule uzito wa kutuliza mpira unaomkemea nao, kelele yako ndiyo inayouleta. Mchezaji mkubwa hafikirii tena namna ya kutuliza. Mguu umezoea, akili inabaki huru kumtazama beki. Mtoto wa miaka 11 bado anafikiria kila kitu: mpira unakuja kwa kasi gani, mguu upi, beki yuko wapi, nani yuko wazi. Ukimwongezea na sauti ya baba yake, kimoja lazima kimponyoke, na kitakachomponyoka ni mpira, kwa sababu mpira haumkasirikii.

Kwa hiyo subira yako inaanza mdomoni. Mpira ukiwa unatembea, wewe huna neno. Hakuna "toa", hakuna "piga", na zaidi ya yote hakuna jina lake. Maneno yana wakati wake: kabla ya mechi, wakati wa mapumziko, na kwenye mazoezi yanayofuata. Beba daftari dogo la shule na kalamu, na kila unapojisikia kupayuka, andika. Nimewapa vijana wengi wanaoanza ukocha kazi hii, na mwisho wa mechi wakisoma walichoandika, mengi wanayafuta wenyewe, maana mtoto alijirekebisha dakika chache baadaye bila mtu kusema kitu. Katika yaliyobaki, chagua moja la wiki nzima. Moja tu, baba. Tuseme ni kutuliza kwa ndani ya mguu na kuupeleka mpira upande usio na beki. Wiki hiyo hata akipoteza mpira kwa kupiga chenga, hata akisahau kurudi kukaba, wewe unatazama kutuliza. Akituliza vizuri, mwoneshe dole, basi.

Mapumziko yakifika, usianze hotuba. Machungwa ya Muheza, msimu wake ukifika, hayana bei ya kutisha. Yakateni, wagawie, waache wanyonye wapumue. Halafu uliza: "Mmeona nini upande wa kulia?" Mtoto wa umri huo ameshajua kwamba yule beki wao ni mzito wa kugeuka. Akilisema kwa mdomo wake mwenyewe, kipindi cha pili atalifanyia kazi kwa moyo wote. Ukimwamrisha wewe, atalifanya mara moja kukuridhisha kisha atalisahau.

Kuna hasira nyingine inayotokana na mpangilio, na hii nadhani hujaihesabu. Watoto wanatoka madrasa, Alasiri imeshaswaliwa, na kabla ya Maghrib kila mmoja anatakiwa awe kwao. Una saa moja na kitu. Una watoto 20 na mpira mmoja, kwa hiyo umewapanga mstari mrefu wapige mmoja mmoja golini. Aliye mwishoni mwa mstari atafanya nini akingoja zamu? Atamrushia mwenzake mchanga, atamvuta fulana, na wewe utapayuka. Vunja mstari. Gawanya uwanja kwa vifuu vya nazi, wacheze wanne kwa wanne, goli ndogo zisizo na kipa, na kama mipira haitoshi hata wa matambara unafaa kwa kundi moja. Kila mtoto atagusa mpira mara nyingi ndani ya dakika kumi kuliko anavyougusa sasa jioni nzima. Na mpira wenyewe uwe namba nne. Namba tano ni wa wakubwa. Mtoto wa miaka 11 akiupiga namba tano uliolowa mvua ya masika, mguu unamuuma, anajifunza kupiga kwa ncha ya kidole, kisha anakemewa kwa kupiga kwa ncha ya kidole.

Halafu chukua orodha ya timu, mbele ya kila jina andika mwezi wa kuzaliwa. Huenda ukakuta wengi unaowaita wenye vipaji wamezaliwa Januari, Februari au Machi, na wanaokaa benchi ni wa Oktoba kuendelea. Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi katika vituo vya vijana vya Ulaya na limeonekana tena na tena. Wa Januari na wa Desemba wa mwaka uleule wanapishana karibu mwaka mzima. Kwa sisi watu wazima hiyo si tofauti. Kwa mtoto wa miaka 11 ni kimo, ni kasi, ni nguvu ya paja. Tena wavulana wengi hurefuka kwa kasi wakiwa na miaka 13 au 14, na wapo wanaochelewa hadi 15 au zaidi. Mwanao hajafika huko. Hakuna mtu leo, si wewe wala kocha mwenye vyeti, anayeweza kusema atakuwa mchezaji wa namna gani.

Umeandika kwamba watoto wa wenzio unawavumilia. Neno hilo nimelisoma mara mbili. Maana yake subira unayo, unajua kuitumia, unaitoa kila jioni kwa watoto wa majirani. Mtoto wa jirani akikosea, unaona kosa la mpira. Wako akikosea, unaona watu wanakutazama. Sisi watu wa Tanga tumekulia uwanja wa Mkwakwani. Coastal Union ilipochukua ubingwa wa ligi mwaka 1988, mji mzima ulikuwa wake, na kwenye majukwaa yale ndiko wengi wetu tulikojifunza kushangilia na kufoka. Lakini pale mtu mzima anamfokea mtu mzima anayelipwa, na mechi ikiisha kila mmoja anakwenda kwao. Mwanao hana kwao pengine pa kwenda. Anarudi na wewe kwenye nyumba moja, mnakula sahani moja.

Kwa sababu hiyo ningependa siku za mechi asielekezwe na wewe kabisa. Tafuta msaidizi, hata kijana wa sekondari anayeujua mpira. Yeye awashike washambuliaji, wewe uwashike mabeki na kipa. Ukiona kitu cha mwanao, mwambie msaidizi, naye akiona kinafaa atamwambia mtoto. Maneno yaleyale yakitoka kwa mtu mwingine yanamfikia yakiwa maneno ya mpira tu. Nawe ukitoka karakana, usiingie uwanjani moja kwa moja na njaa yako na uchovu wako. Kaa pembeni, kunywa maji, kula hata kipande cha muhogo, ndipo uwaite.

Sasa keria. Fikiria anavyokaa pale nyuma. Haoni uso wako, anaona mgongo. Hawezi kushuka, hawezi kukujibu bila kupaza sauti, na kupaza sauti kwa baba ni utovu wa adabu, kwa hiyo ananyamaza hadi mlangoni. Wewe unadhani anasikiliza. Mechi na iishie pale unapofungua kufuli la baiskeli. Njiani zungumzeni habari nyingine au mkae kimya. Siku akitaka kuizungumza mechi ataianza mwenyewe. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, maana ameshazoea kwamba maneno ya njiani ni ya kumuumiza. Akianza, mwache amalize kabla hujatia lako.

Na kuhusu mwembe: mwite mkae wawili, umwambie, "Nimekuwa nakupigia kelele, nitaacha." Usiongeze "lakini". Muulize kama anataka kurudi au kupumzika. Akisema kupumzika, mpe muda bila masharti. Akipenda aje tu kuwagawia wenzake maji. Wengi nikiwapa ruhusa hiyo wamerudi wenyewe, hawawezi kukaa wakisikia mpira unapigwa. Asiporudi, na ikawa anataka kuogelea Raskazone au kukimbia, nenda naye huko.

Usinielewe kwamba nidhamu iondolewe. Mtoto akimtukana mwenzake au akicheza rafu ya makusudi, mtoe hapohapo kwa sauti ya kawaida, akae nje dakika tano, arudi bila mahubiri. Sauti kubwa iweke kwa ajili ya hatari: mpira umetoka barabarani na mtoto anaukimbilia huku bodaboda inakuja. Watoto waliozoea kimya chako wakiisikia sauti hiyo watasimama mara moja. Waliozoea kelele hawataitofautisha.

*Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka 13, yuko darasa la saba. Mwaka jana alikimbia mita 800 kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, akafika ngazi ya mkoa, tukafurahi sana. Mwaka huu amerefuka ghafla, mbio zimepungua, na analalamika chini ya goti panauma akipanda ngazi. Baba yake anasema ameingia uvivu. Anamwamsha alfajiri akakimbie kabla ya shule, halafu jioni tena mazoezi. Ana saa ya kupimia, kila siku anamwonesha kwamba amechelewa. Naogopa kumpinga mume wangu mbele ya mtoto. Nifanyeje?*
*Mama wa Chumbageni*

Marahaba, mama. Hizo mbio za alfajiri zisimame kesho. Si wiki ijayo.

Binti huyo hana uvivu. Anakua. Wasichana hurefuka kwa kasi mapema kuliko wavulana, wengi kati ya miaka 11 na 13, na katika mwaka wa kasi kubwa msichana anaweza kuongezeka takriban sentimita 8. Mifupa inatangulia, misuli na kano zinafuata nyuma. Pale chini ya goti, kwenye kile kinundu cha mbele, ndipo kano ya msuli mkubwa wa paja inaposhikilia, na kwa mtoto anayekua mfupa wa hapo haujakomaa. Kila hatua ya mbio inavuta pale. Madaktari wanauita ugonjwa huo Osgood-Schlatter, unawapata sana watoto wanaokimbia na kuruka, na kwa kawaida huisha ukuaji ukimalizika. Cha kufanya ni kupunguza mbio na kuruka mpaka maumivu yatulie, na kumwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kama robo saa baada ya mazoezi. Msimchue kwa nguvu. Akichechemea, goti likivimba, au maumivu yakimwamsha usiku, mpelekeni hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu akaonwe na daktari, maana maumivu ya namna hiyo yanaweza kuwa na sababu nyingine.

Ongeza na hili: mguu umekuwa mrefu, kiungo kile alichokijua mwaka jana si hiki. Hatua imebadilika, mizani ya mwili imebadilika, na pengine ameshavunja ungo au yuko karibu. Kaa naye wewe, mama, mzungumze. Muulize kama ana sidiria ya kumshika vizuri anapokimbia. Nimewaona mabinti wakiacha riadha kwa aibu hiyo tu, na nyumbani hakuna aliyejua. Damu ya mwezi inapoteza madini ya chuma, na msichana mwenye upungufu wa damu anachoka hata kama moyo wake unataka kukimbia. Dagaa, maharage, mchicha, samaki, na chungwa au ndimu pamoja na chakula, kwa kuwa hivyo vinasaidia mwili kuyapokea yale madini ya kwenye mboga na maharage. Chai aitenge na mlo, inayazuia. Na alale. Mtoto anayeamshwa alfajiri akakimbie, akashinda darasani, akarudi mazoezini jioni, mwili wake haupati nafasi ya kujijenga. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto mwanamichezo apate angalau siku moja au mbili za kupumzika kila wiki, na miezi miwili mitatu kwa mwaka awe mbali na mchezo wake.

Sasa baba yake. Usimpinge mbele ya binti, hapo una haki. Subiri ameshakula, mko wawili, umweleze habari ya goti kwanza, maana baba anayempenda mtoto hawezi kulipuuza goti. Halafu mpe kazi. Huyu ni mtu anayependa kupima, na kupima si vibaya, ila anapima kitu ambacho mwaka huu hakina jibu la maana. Ile saa aiweke kabatini, achukue penseli. Kila mwanzo wa mwezi amsimamishe binti kwenye fremu ya mlango, bila viatu, kisigino ukutani, apige alama na tarehe. Ataona mwenyewe alama zinavyopanda, na ataona nguvu za mtoto zinakokwenda. Alama zikianza kusogeleana, ndipo mazoezi yaongezwe taratibu, na saa itoke kabatini.

Akikuambia muda unapita, mwambie habari za Alphonce Simbu. Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alimaliza marathoni akiwa wa tano. Mwaka 2017 London akapata shaba ya dunia. Baada ya hapo ikapita miaka minane, na wapo waliomsahau. Septemba 2025 kule Tokyo aliingia uwanjani nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, akamkimbiza mpaka kwenye utepe, wote wawili wakaandikiwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48, picha ikaonesha Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, na mwenye nayo alikuwa na miaka 33. Mumeo kama ni mtu wa zamani atakutajia Filbert Bayi, aliyekuwa anatoka mbele tangu mlio wa kwanza na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch, Februari 1974. Ni kweli, Bayi hakungoja mtu. Lakini siku ile alikuwa kijana wa miaka 20, mwili umeshakomaa. Binti yako ana 13.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana, nafundisha timu ya watoto chini ya miaka 13 huku Pangani. Tuna mashindano ya mtaa mwezi ujao. Mzazi mmoja, ambaye ndiye anayetununulia jezi, ameleta kijana wa miaka 16 mwenye karatasi inayosema ana 13. Wazazi wengine wananiambia nimchezeshe, tumechoka kufungwa. Nikikataa nitaonekana sitaki maendeleo.*
*Kocha wa Pangani*

Marahaba, mwanangu. Kataa.

Unajua yaliyowapata Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17. Walifuzu mashindano ya Afrika ya vijana ya mwaka 2005, wakaondolewa kwa kosa la umri wa mchezaji, na kundi zima la watoto waliostahili likakosa safari. Tangu 2009 FIFA inawapima vijana wa Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kwa picha za kifundo cha mkono, kwa sababu karatasi zimekuwa zikidanganya katika nchi nyingi. Kwenye mashindano ya mtaa hakuna mtu atakayekuja na mashine, lakini utakuwa umewafundisha watoto wako 15 kwamba kukua hakuna haja ya kungojwa, kunanunuliwa kwa karatasi. Na kuna usalama wao. Kijana wa miaka 16 akigongana na mtoto wa 12, mmoja atavunjika na unajua ni yupi.

Waite wazazi wote uwanjani kabla ya mashindano, wakae kwenye majani, uwaambie mambo yako mapema: kila mtoto atacheza angalau nusu ya kila mechi, hakuna atakayefokewa kutoka nje ya mstari, na vyeti vya kuzaliwa vitaangaliwa na wewe mwenyewe. Mwenye kununua jezi mshukuru mbele ya watu, kwa jina, kwa dhati, kisha ushikilie msimamo wako. Akizichukua jezi zake, chezeni na fulana za nyumbani. Upande mmoja wavae, upande mwingine wavue.

Yule kijana wa miaka 16 usimfukuze, kosa si lake. Mpe filimbi na daftari, awe msaidizi wako, awachezeshe wadogo mechi za wanne kwa wanne siku za mazoezi, huku ukimtafutia timu ya rika lake hapo Pangani au Muheza.